Wageni Ambao Hawakupigiwa Makofi

Samaki zilifika siku ya tano ya juma asubuhi, nane kwa jumla, ndani ya mifuko miwili ya nailoni, na neno la kwanza Papa Balagizi alilotuambia ni kwamba tusiimbe.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Kwetu mugeni hapokelewi kimya. Hata Mama Élodie, mukubwa wa kituo, siku alipofika hapa Himbi, mutaa wetu wa Goma, kuanza kazi, tulimuimbia toka mulangoni mpaka kwenye meza yake. Lakini Balagizi alisimama mbele ya pazia ya chumba cha nyuma, ameificha ile mifuko ndani ya koti kama mutu anayemukinga mutoto muchanga na baridi, akasema kwa sauti yake ndogo:

"Mama Mukagasana, nakuomba. Safari hii hapana wimbo, hapana makofi, hapana foto. Zimetoka Uvira, zimerushwarushwa barabarani, zimepanda bato toka Bukavu usiku muzima. Mutu aliyechoka hivyo, unamupigia ngoma?"

"Kwetu, ndiyo," nikamujibu.

Alicheka kidogo, akaingia, akashusha pazia.

Inafaa niseme kwanza tulikuwa tumefanya nini, kusudi mujue kwa nini mutu mupole kama yule alitufungia mulango.

Mimi ninafagia hapa kwenye kituo cha afya cha watoto. Nilianza mwaka ambao mume wangu Twagirayezu alifariki, Mungu amupe raha ya milele, na tangu hapo kazi yangu ni ndoo, kitambaa, na kutazama. Balagizi anakaa kwenye meza ya mulangoni, anaandika majina ya wagonjwa. Ni mutu wa upande wa Bukavu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Yeye ndiye anayetunza akwariomu, ile sanduku ndefu ya vioo yenye maji na samaki za rangi, iliyo ndani ya chumba cha pansema. Na pansema, kwa asiyejua, ni kule kufungua kidonda, kukisafisha na kukifunga upya. Pansema ya mutoto aliyeungua ni jambo la kutisha. Inauma kushinda moto wenyewe.

Kulikuwa na mutoto mumoja, Umuhoza, wa miaka sita, wa Kibati. Sufuria ya maharagi ilimupindukia mugongoni na mukono wote wa kuume. Tate yake, mama wa mama yake, alikuwa anamuleta mara tatu kwa juma. Siku za kwanza tulikuwa tunamushika watu wane. Mimi nilikuwa nashika miguu. Moyoni nilikuwa nasema Salamu Maria, lakini mikono yangu ilikuwa inamukamata kama ya askari. Halafu siku moja Balagizi alisogeza kitanda, akamulaza Umuhoza akitazama vioo. Mutoto akaanza kuhesabu samaki. Alilia, ndiyo, lakini tulimushika wawili tu, kisha mumoja. Aliipenda moja kushinda zote, kubwa, yenye michirizi ya buluu, yenye mudomo wa kununa. Aliiita Muzee.

Basi kukaja wageni wa kwanza. Mufuko ulifika kutoka Uvira tukakusanyika wote, watoto wakapiga makofi, Joviale, muganga wetu wa pansema, akawasha taa ya telefone apige foto. Balagizi mwenyewe hakujua bado namna ya kupokea samaki. Tukakata mufuko, tukamwaga wageni pamoja na maji yao ndani ya vioo. Mimi nikatupa makombo ya mukate, kwa sababu mugeni akifika haulizwi kama ana njaa. Siku ya tatu samaki zikajaa madoa meupe kama chumvi. Siku ya tisa zilikuwa zimekufa zote, wageni na wenyeji, ikabaki Muzee peke yake.

Na Umuhoza, kwa kuwa hapakubaki samaki za kuhesabu, alianza tena kupiga kelele mpaka watu wa barabarani wanasimama. Nikarudi kushika miguu.

Mama Élodie si mutu mubaya. Alikuja akatazama, akasema: "Papa Balagizi, nakupa mwezi mumoja. Mara moja tena. Zikikufa tena, hivi vioo vinatoka, nafasi hii nitaweka rafu ya dawa. Seremala nimekwisha kumuita."

Juma lile Balagizi alimupigia telefone mvuvi wa Uvira anayetuuzia samaki kila siku. Alikuwa anaandika majibu ndani ya kaye, daftari ya shule, kalamu inamusimama mukononi, kama mutoto anayejitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Na ndiyo sababu, siku ile ya tano, hatukuimba.

Aliniruhusu mimi peke yangu niingie, kwa sharti nivue ndara na nisiseme. Chumba kilikuwa giza. Kwenye kona alikuwa ametayarisha beseni kubwa la plastiki, mbali kabisa na Muzee, lina maji yaliyokaa wazi siku mbili. Ndani ameweka mawe ya volkano, yale meusi yenye matundu yanayotukata miguu kila siku humu Goma, na vipande vya tiyo, bomba la plastiki.

"Mawe ya nini?" nikanong'ona.

"Ya kujificha. Usipokuwa na pahali pa kujificha, hata ukiwa salama huwezi kujua kama uko salama."

Aliacha mifuko ielee juu ya maji ya beseni, imefungwa vilevile, kusudi joto la ndani na la nje lilingane. Kisha akaimimina yote miwili, maji na samaki, ndani ya ndoo safi. Ndipo alipofanya jambo lililonifanya nimutazame kwa macho mengine. Alichukua kitiyo cha serumu, kile cha kumutundikia mugonjwa, chenye kigurudumu kidogo cha kupunguza matone. Ncha moja akaitia ndani ya beseni, ya pili ndani ya ndoo, akaanza kuwapa wageni maji mapya tone kwa tone. Alihesabu matone akitazama saa ya mukono, kama Joviale anavyofanya kwa mutoto mwenye kuharisha.

Joviale akachungulia pazia. "Eh! Papa Balagizi, serumu ya samaki? Basi uwaandikie na fishi ya wagonjwa. Jina la mugonjwa: Samaki. Jina la baba: Ziwa."

"Funga pazia, mwanangu, mwangaza unaingia."

"Na uzito wa mugonjwa?"

"Joviale!"

Akafunga, lakini tulimusikia akicheka mpaka mwisho wa korido.

Ile kazi ilichukua karibu saa mbili. Balagizi hakuondoka kwenye kigoda. Mwishowe alizitoa moja moja na wavu, akaziteremsha ndani ya beseni, na yale maji ya safari akayamwaga nje. Zilikuwa ndogo, za manjano kama ua la boga. Zilikimbilia chini ya mawe, hatukuziona tena.

Nilikuwa na mukate ndani ya kikwembe changu, kitenge cha kiunoni. Alinyoosha mukono kabla sijautoa.

"Leo hapana, Mama."

"Hata kidogo? Zisije zikasema tumezinyima."

"Tumbo lenye hofu halipitishi chakula. Kesho. Na kesho kidogo."

Nimepika chakula cha matanga, nimepika cha arusi, nimelisha wageni toka nikiwa musichana. Hakuna siku mutu aliniambia kwamba kuna mapokezi ya kumuacha mugeni peke yake. Nilikwenda na neno hilo nyumbani.

Juma la kwanza likapita, la pili likapita. Balagizi alikuwa na wavu wa wageni na wavu wa Muzee, nyavu hizo hazikukutana. Akitoka kwa wageni ananawa mikono mpaka kwenye kiwiko kabla ya kugusa vioo. Beseni lilifunikwa nusu na gunia. Kila siku aliinua gunia taratibu, akazitazama mapezi, na mashavu ya pembeni namna zinavyopumua, akaandika ndani ya kaye. Kila siku ya tatu alitoa maji kidogo, akarudisha mengine yaliyokaa.

Halafu malaria ikamuangusha.

Robine za Himbi, mabomba ya maji, zilikuwa kavu kwa siku ya ine mufululizo. Maji aliyokuwa ameweka yalikuwa yamekwisha. Aliniambia kwa telefone, meno yanagongana: "Mama, chota ya ziwa. Ya ziwa ni mazuri kwao. Nusu bidon inatosha. Uyamwage polepole juu ya jiwe."

Yeye alikuwa na rafiki mwenye nyumba inayogusa ziwa, alikuwa anachotea ndani ya yadi. Mimi nikaenda na bidon, dumu letu la maji, pahali tunapochota wote. Pale kando ya maji wanakaa vijana wenye gile, vizibao vya kazi, kwa ajili ya kolera, kila mutu anayetoka na bidon wanamutilia dawa, ile klore, kwa sindano isiyo na ncha. Ni kazi njema, imeokoa watu wengi. Toka miaka mingi mukono wangu unapeleka bidon mbele ya sindano bila kuniuliza, kama unavyokwenda kwenye maji ya baraka mulangoni mwa kanisa. Musichana akatia dawa yake, fyuu.

"Mama, ngoja nusu saa mbele ya kunywa."

"Mungu akubariki, mwanangu," nikamujibu, nikajitwika.

Nikamwaga nusu bidon juu ya jiwe, polepole, kama nilivyoagizwa. Nikasimama kuzitazama. Kwanza moja ikatoka chini ya tiyo, ikapanda juu, ikaanza kuvuta hewa na kinywa. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, imelala ubavu. Nikainua mukono nijipanguse jasho, na harufu ya vidole vyangu ikanijibu.

Nilipiga telefone.

"Papa Balagizi, nimeziua! Wametia dawa ndani ya maji, sikufikiri, nimeziua zote!"

 Nilisikia kitanda chake kinalia.

"Zimekufa ngapi?"

"Bado."

"Basi hujaua mutu. Nani yuko hapo na weye?"

"Joviale, na mama mumoja mwenye mutoto."

"Yule mama atoke, Joviale abaki. Zima taa. Na sauti yako, Mama, ipunguze, zinakusikia."

Nikazima, nikashusha sauti. Akasema tena: "Joviale avunje ampule moja ya vitamine C, amwage nusu yake ndani ya beseni. Ile inaua nguvu ya klore. Weye chota maji kwa Muzee, jagi moja, lingine, umwage taratibu. Lakini jagi la Muzee lisiguse maji ya wageni. Umesikia? Lisiguse. Nakuja."

"Uko na homa!"

"Homa itakuja nami."

Joviale hakucheka siku ile. Alivunja ampule, kichupa kile cha dawa, akapima nusu ndani ya sindano kama kwa mutoto wa mutu. Mimi nikachota kwa Muzee. Balagizi akafika juu ya pikipiki ya kukodi, amejifunika blanketi mabegani. Hakunikaripia. Hakunitazama hata kwa jicho la kukaripia, na mimi ninajua kuona macho. Alikaa chini kwenye simenti, akachukua kikombe, akaanza kuchota maji ya beseni na kuyarudisha toka juu, uzi mwembamba, kusudi yaingie hewa, maana sasa umeme ulikuwa umekatika na mashine ya hewa imelala. Alipochoka nikapokea mimi. Nilipochoka akapokea yeye, blanketi linatetemeka pamoja naye. Tulikaa pale mpaka kengele ya saa sita ya kanisa, nikasali Malaika wa Bwana kimoyomoyo, kikombe mukononi.

Mbili zilikufa. Sita zikarudi chini ya mawe.

Nililia. Balagizi akapangusa uso na pembe ya blanketi, akasema: "Kosa hili ni la mutu wa Goma. Pahali pengine mutu akitiliwa kitu ndani ya maji yake, anapigana. Sisi tunasema Mungu akubariki." Nikajikuta nacheka huku machozi yanashuka. Kisha akaomba kaye, akaandika: *Maji ya ziwa, pale penye sindano, yakae wazi siku mbili.* Hakuandika ni nani aliyekosa.

Mwezi wa Mama Élodie ukafika mwisho. Seremala akaja na mita yake, akapima ukuta nyuma ya Muzee. Na siku hiyo ilikuwa siku ya Umuhoza. Tulimushika watu wane, akaniuma kwenye kidole gumba, na tate yake akakaa nje kwenye ngazi, ameziba masikio na kitambaa chake cha kichwa.

Nilimufuata Balagizi mezani kwake, kidole kinatoka damu.

"Papa, zitie leo. Ziko nzima, ziko zinakula. Kwa ajili ya huyu mutoto, zitie!"

Alitazama kidole changu. Niliona kwamba alikuwa amesikia kila kelele toka kwenye meza ile, na karatasi mbele yake haikuwa na jina hata moja.

"Zimeogopa juzi juzi, Mama. Samaki iliyotoka kuogopa, ugonjwa unaichagua. Nikizitia leo, Umuhoza atazitazama siku tisa, halafu ataona Muzee naye anaelea tumbo juu. Pansema zake zimebaki za miezi miwili."

Akasimama, akafunga kifungo cha shingo, akaenda kugonga kwa Mama Élodie. Sisi wa ufagio tunajua namna ya kufagia karibu na mulango. Nilisikia akiomba siku kumi. Nilisikia Mama Élodie: "Papa, mwezi ulikuwa mwezi. Na mbili zimekufa." Balagizi hakunitaja mimi. Alisema: "Ndiyo, Mama. Chini ya mikono yangu." Mwishowe alipewa siku kumi, na seremala akaambiwa arudi siku ya kumi na moja.

Siku kumi zile zilikuwa na pansema ine. Sitazieleza.

Siku ya kumi asubuhi Balagizi akazima taa ya vioo, akashusha pazia la dirisha. Akahamisha kila jiwe ndani ya vioo, kila moja pahali papya, kusudi Muzee naye aone nyumba imekuwa ngeni, asiwafukuze wenzake. Kitiyo cha serumu kikarudi kazini, tone kwa tone. Kisha wavu, moja moja. Zikaingia sita, zikapotea nyuma ya mawe. Ukitazama pale uliona mawe meusi na Muzee amenuna.

Saa ine tate akafika na Umuhoza mugongoni. Mutoto alikuwa amekwisha kuanza kulia toka barabarani. Mama Élodie naye akaingia, mikono ameifunga kifuani, na seremala amesimama nyuma yake kwenye korido.

"Ziko wapi?" Mama Élodie akauliza. "Majuma sita, Papa Balagizi, kwa kutazama mawe?"

"Ziko, Mama. Zitatoka zikipenda."

Tukamulaza Umuhoza akitazama vioo. Mimi nikaenda pahali pangu, kwenye miguu. Balagizi akainama karibu na sikio la mutoto, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilisikia yote.

"Umuhoza, kuna wageni sita mule. Zimetoka mbali. Ziko zinaogopa."

Mutoto akameza kilio. "Zinaogopa nini?"

"Makelele. Na watu wengi."

Umuhoza akageuza kichwa, akatutazama mumoja mumoja: Mama Élodie, seremala, Joviale na makasi yake, mimi. Kisha akasema, si kwa kupiga kelele, kwa kunong'ona, lakini kwa ukali wa mama wa nyumba:

"Muko wengi. Mutoke."

Seremala ndiye wa kwanza aliyerudi nyuma. Mama Élodie akasogea mpaka kwenye pazia, akabaki pale. Joviale akakata kitambaa cha kwanza. Niliona mwili wa mutoto unakazana, vidole vya miguu vinajikunja, nikanyoosha mikono nimushike.

"Hapana, Mama," Balagizi akasema.

Joviale akavuta kitambaa pahali kilipogandamana na kidonda. Umuhoza akafungua kinywa kikubwa, kile ninachokijua, nikafunga macho nikingoja. Hakikutoka kitu. Nilipofungua, alikuwa ameuma kona ya shuka, machozi yanateremka mpaka ndani ya sikio, na macho hayakutoka kwenye mawe. Alikuwa anapumua na pua, fuu, fuu. Mara moja aliachia shuka, akamuambia Joviale: "Makasi yako inalia. Polepole." Joviale akasema, "Nisamehe, Mama mukubwa," akaendelea polepole.

Joviale alipofika kwenye mugongo, ndipo samaki ya kwanza ilipotoka. Kwanza kichwa cha manjano katikati ya mawe mawili, halafu mwili muzima. Muzee akaisogelea, akaizunguka, akaiacha. Ikatoka ya pili.

"Mbili," Umuhoza akanong'ona kwenye shuka.

 Nilisikia nyuma yangu Mama Élodie ametoka, yuko kwenye korido, anamuambia seremala kwa sauti ya chini sana kwamba rafu ya dawa apime upande ule mwingine, karibu na ofisi yake. Joviale alikuwa anafunga kitambaa kipya. Balagizi alikuwa amechuchumaa karibu na kitanda, hatazami samaki, anamutazama mutoto.

Mimi nilibaki nimesimama pale kwenye miguu. Mikono yangu haikuwa na kazi, nikaiingiza ndani ya kikwembe changu, nikavua ndara.

"Tatu," akasema Umuhoza.